Timu Yetu, Bila Sisi

Fungua tovuti ya startapu yoyote ya Nairobi inayosema inamhudumia mkulima mdogo, halafu bonyeza palipoandikwa Timu Yetu. Mimi huusoma ukurasa huo kama wazee wanavyosoma matangazo ya vifo gazetini: polepole, nikitafuta jina ninalolijua. Kuna Mkurugenzi Mtendaji, amekunja mikono kifuani, nyuma yake ukuta wa matofali. Kuna Mkuu wa Teknolojia, Mkuu wa Fedha, Mkuu wa Bidhaa, Mkuu wa Ukuaji. Kila mmoja ana sentensi mbili: alisomea chuo gani ng'ambo, alifanya kazi benki gani, na ana shauku gani ya kubadilisha maisha ya wakulima. Mkulima mwenyewe yuko ukurasa wa kwanza, anacheka, ameshika embe. Hana jina. Niliwahi kuona tovuti moja ambapo mbwa wa ofisi ana picha, jina na cheo. Ajenti wa Kathonzweni, aliyetembea kwa miguu kuwatafutia wateja waliojivunia mwaka huo, hakuwepo.

Hili si suala la adabu, wala la picha. Ni suala la nani anaweza kusema "hapana, hii haitafanya kazi" na neno lake likasimamisha gari. Katika kampuni hizi zinazochangisha pesa kwa jina la Ukambani, mtu huyo hayumo chumbani. Ndiyo maana zinakosea mambo ambayo mtoto wa darasa la nne kule Mutomo angewaambia bure.

Chukua mvua. Shuleni tulifundishwa kwamba Kenya ina mvua ndefu, za Machi hadi Mei, na mvua fupi, za Oktoba hadi Desemba. Ukiwa Nairobi utadhani ndefu ndiyo bora. Kwetu ni kinyume. Kitui na Makueni, mvua ya kutegemewa ni ile "fupi" ya Oktoba. Ya Machi huja ikitaka, na mara nyingi haitaki. Mkulima mwenye mbegu kidogo huiwekea vuli. Ndengu zikivunwa mwanzoni mwa mwaka, na maembe yakipata dalali asiyenyonga sana, basi kuanzia Desemba hadi Machi kuna pesa kidogo nyumbani, na karo ya Januari inazisubiri mlangoni. Ukija Agosti kudai deni, utapewa kiti, utapewa maji kama yapo, na utasikilizwa kwa heshima. Pesa hutapewa, kwa sababu hakuna.

Mwaka 2022 nilifanya kazi miezi minane kama afisa wa nyanjani wa kampuni moja iliyokuwa ikikopesha mbegu na pampu ndogo za sola. Jina lake naliacha. Kalenda ya mikopo ilitungwa Nairobi kwa kufuata mahindi ya Bonde la Ufa: mbegu zitoke Februari, malipo ya kila wiki yaanze Juni. Sisi wa nyanjani tuliandika kwenye kundi la WhatsApp, tena mapema Januari, kwamba Makueni haiendi hivyo. Wenzangu wawili walikuwa wamesomea kilimo pale SEKU, Kwa Vonza, hawakuwa wanabahatisha. Mmoja aliweka mpaka mchoro wa misimu, aliouchora kwa kalamu na kuupiga picha. Jibu la Mkuu wa Bidhaa lilikuwa kidole gumba. Cha njano.

Mvua za Machi 2022 zikafeli, kama zilivyofeli sehemu kubwa ya mashariki ya Kenya mwaka huo, msimu wa nne mfululizo. Juni tukatumwa kukusanya. Kule upande wa Nziu, mwaitu mmoja alinitazama nikifungua kishkwambi, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hao waliokutuma wana shamba?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi waambie waje Oktoba." Niliandika maneno yake kwenye sehemu ya maoni ya ile programu, herufi mia mbili hazikutosha, nikayafupisha. Sidhani kuna mtu aliyawahi kuyasoma. Kilichosomwa ni rangi: jina lake liligeuka kuwa jekundu.

Kilichonikata maini ni kilichofuata. Kwenye mkutano wa robo mwaka, ule wa video ambao maafisa wa nyanjani huzimwa maikrofoni, mmoja wa wadosi alieleza kwamba eneo letu lina tatizo la "utamaduni wa kulipa". Hebu itafakari kauli hiyo. Timu ya uongozi inakosea msimu wa mvua, jambo ambalo liko kwenye kila kalenda ya kilimo ya kaunti, halafu kosa linahamishwa kutoka ofisini na kutua juu ya tabia ya watu wa Makueni. Hawa hawa ambao chama chao cha akina mama hukutana kila wiki chini ya mti, na mweka hazina husoma daftari kwa sauti, shilingi kwa shilingi, na anayedaiwa hujitetea mbele ya majirani. Ukitaka kujua utamaduni wa kulipa, kaa hapo saa moja. Kampuni ilifunga kazi Makueni kabla mwaka kwisha. Mdosi yule aliandika makala mtandaoni kuhusu mambo aliyojifunza, akapongezwa sana, akapata kazi kwingine. Majina mekundu yalibaki mekundu.

Wapo watakaosema hayo ni ya kampuni moja mbovu. Sawa, tutoke kwangu. Mwaka 2017 shirika la Village Capital lilichapisha ripoti kuhusu startapu za huduma za fedha za kidijitali, na kwa upande wa Afrika Mashariki lilikuta kwamba asilimia 90 ya uwekezaji wa 2015 na 2016 ulikwenda kwa kampuni zenye angalau mwanzilishi mmoja kutoka Ulaya au Amerika Kaskazini. Miaka michache baadaye, uchambuzi wa Viktoria Ventures ulionyesha kwamba kati ya startapu zilizopata zaidi ya dola milioni 1 hapa Kenya mwaka 2019, ni asilimia 6 tu zilizoongozwa na wenyeji. Asilimia sita, kwao wenyewe! Ingekuwa ni timu ya taifa ya kandanda tungeandamana.

Na kama unataka katuni ya jambo hili, ipo: Kune Food. Robin Reecht, Mfaransa, alisimulia mwenyewe kwamba siku zake za kwanza Nairobi aliulizia mahali pa kupata chakula kizuri cha bei nafuu, hakupata, na hapo wazo la biashara likazaliwa. Nairobi! Mji ambao huwezi kupiga hatua hamsini kabla hujapita kibanda cha chapo na ndengu. Juni 2021 alitangaza kupata dola milioni 1. Wakenya walicheka mtandaoni mpaka machozi, nami nilikuwa mmoja wao. Juni 2022 ikafungwa. Walioweka hela hawakukosa akili. Walichokosa ni mtu mmoja mezani, mwenye kura, ambaye huwa anakula lanchi kwenye kibanda.

Sasa, pingamizi zito, na sitalikwepa: M-Pesa. Aliyelibeba wazo hilo ndani ya Vodafone alikuwa Nick Hughes, aliyelisimamia jaribio lake Kenya ni Susie Lonie, na Safaricom wakati huo iliongozwa na Michael Joseph. Hakuna Mutua hapo wala Mwende. Na bado tangu Machi 2007 imebadilisha maisha ya shosho wa Tseikuru kuliko hotuba zote za uchaguzi. Basi mbona nalia?

Kwa sababu ukirudi kwenye jaribio lenyewe, lililoanza 2005 na wateja wa Faulu, utakuta jambo la maana. M-Pesa haikubuniwa ili wewe umtumie mama yako pesa. Ilibuniwa ili watu walipe mikopo midogo. Watu walipopewa, wakaanza kuitumia kwa mambo yao: kutumiana, kununuliana muda wa maongezi, kuweka pesa kabla ya safari. Timu ikaona, ikabadilisha kitu chenyewe. Haikusema Wakenya wana tatizo la utamaduni. Pasipoti haikuzuia hilo, kwa hiyo mimi sina vita na pasipoti. Vita vyangu ni na chumba ambacho habari za kutoka chini zikifika mlangoni zinapigwa kidole gumba cha njano.

Ndiyo maana pia simsamehe Mkenya mwenzangu. Siku hizi kampuni zimejanja. Zimesikia kelele za asilimia sita, zikatafuta mwanzilishi mwenza Mwafrika, tukapiga makofi. Lakini huyo buda alikulia Lavington, akasoma shule za mtaala wa Uingereza, na Ukambani anaijua kwa dirisha la gari la moshi akielekea Diani. Anapita Emali, anapita Kibwezi, anapita Mtito Andei, macho kwenye simu. Atatamka "wakulima wetu" kwa Kiingereza kizuri sana mbele ya wawekezaji. Mwambie ataje bei ya debe la ndengu Zombe wakati wa mavuno, uone. Jina la ukoo halitoshi. Nimeona majina ya Kikamba matatu kwenye timu moja ya uongozi, na uamuzi wa kutoza faini ya kuchelewesha malipo wakati wa kiangazi ulipita bila mtu kukohoa.

Mnataka mfano wa kampuni inayofanya vizuri, si kulalamika tu. Nendeni Kyuso, kaskazini mwa Kitui.

Kule, mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walikuwa wakijaribu kifaa kidogo cha simu kinachofungwa ndani ya mpini wa pampu ya mkono. Kifaa kinahesabu mpini unavyopanda na kushuka, kinatuma ujumbe, na ukimya wake unaonyesha pampu imekufa. Teknolojia tamu, na ya kigeni kabisa. Kabla ya hapo pampu ikiharibika watu walingoja takribani siku 27. Katika jaribio, muda huo ulishuka hadi chini ya siku tatu. Ukiishia hapo utaandika kwenye slaidi zako kwamba kifaa kiliokoa Kyuso. Lakini kifaa hakijawahi kufungua nati. Kinajua kulia tu. Aliyefupisha siku ni fundi aliyekuwa karibu, mwenye pikipiki, mwenye vipuri, na ambaye kazi yake ilipimwa kwa siku ngapi maji yametoka. Waliokuwa wakiendesha mradi wakalielewa hilo, na kilichobaki baada ya utafiti ni kampuni ya matengenezo, Miambani, inayofanya kazi Kitui chini ya jina la FundiFix, pamoja na mwenzake wa Kwale. Angalia jina lenyewe: fundi ametangulia.

Hapo ndipo nataka timu za uongozi zifike. Sio kumwita fundi kwenye warsha, umpe fulana na soda, umpige picha. Biashara yenyewe ijengwe kuanzia kwake, na Mkuu wa Teknolojia awe ndiye anayemsaidia.

Kuna kitu kingine ambacho wageni hawa hawakijui kuhusu watu wanaowauzia. Makueni si mahali pa watu wasiojua uongozi. Mwaka 2014 wakazi walikusanya sahihi zaidi ya elfu hamsini wakiomba serikali yao ya kaunti ivunjwe, kwa sababu gavana na wawakilishi wa wadi walikuwa wakipigana badala ya kufanya kazi. Tume ikaundwa, ikapendekeza ivunjwe, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa mwaka 2015. Iwe iwavyo, watu walikuwa tayari kuanza upya kuliko kuongozwa ovyo. Baadaye, chini ya huyo huyo Kivutha Kibwana, kaunti ikajulikana mbali kwa mikutano ya wananchi inayoanzia kijijini, na kwa kamati za miradi zinazochaguliwa na wakazi wenyewe. Kamati isipotia sahihi kwamba kazi imekwisha, mkandarasi halipwi. Kwa hiyo fikiria: mwaitu wa Mbooni anaweza kumzuilia pesa mkandarasi wa zahanati kwa kukataa kuweka sahihi. Lakini kampuni inayomdai yeye na maelfu ya wenzake, inayojua namba yake ya simu, anachopanda na anachokopa, haina kamati, haina kiti, haina hata namba ya kupiga inayopokewa na mtu mwenye mamlaka. Unabonyeza 1 kwa Kiswahili, unabonyeza 2 kwa Kiingereza, unasikiliza muziki mpaka salio linaisha.

Watu hawa wana asili ya mwethya. Mnakutana kulima shamba la mmoja leo, la mwingine kesho. Na mabwawa ya mchanga yanayozuia maji kwenye mito mikavu ya Kitui, ambayo yako kwa mamia, yalijengwa kwa mikono hiyo hiyo ikibeba mawe. Kiongozi wa mwethya anabeba jiwe pia. Si ushairi huu, ni kanuni ya kazi: asiyebeba haaminiki akisema jiwe ni jepesi. Sasa niambie, kwenye startapu ni nani anabeba? Pesa zikiisha, mawe yanamwangukia nani? Copia, iliyopeleka bidhaa vijijini kupitia mawakala wenye maduka, ilikosa mtaji mpya na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi. iProcure, ya pembejeo za kilimo, ilikuwa imetangulia mwezi mmoja. Sisemi hizo mbili zilikufa kwa sababu ya picha za tovuti. Pesa za wawekezaji zilikuwa zimekauka dunia nzima. Nasema kampuni za aina hii zinapokufa, aliye Nairobi anabadilisha maelezo ya wasifu wake mtandaoni. Aliye kijijini ndiye aliyeuza kwa uso wake. Uso haubadilishwi. Kesho yake yuko kanisani na wale wale aliowaambia, "Hii kitu ni ya ukweli, niaminini mimi."

Na kinaya kikubwa kuliko vyote kiko kando ya barabara kuu ya Mombasa. Konza, ule mji wa teknolojia tulioahidiwa, uko Malili, kaunti ya Makueni. Ekari 5,000 zilizokuwa ranchi. Rais Kibaki alizindua ujenzi Januari 2013, na tukaambiwa hapa ndipo moyo wa Silicon Savannah. Kituo cha data cha taifa kiko huko, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilizinduliwa huko 2023. Basi teknolojia ina anwani ya Makueni. Data imelala Malili, ukipenda. Lakini ukitafuta mtu wa Makueni mwenye neno kwenye kampuni zinazouza kwa Makueni, utarudishwa kwenye ile picha ya embe.

Ninachotaka kinahesabika. Startapu yoyote inayochukua pesa kwa jina la wakulima wa kaunti fulani iweke ndani ya timu yake ya uongozi mtu anayeishi katika kaunti hiyo, aliyefanya kazi ya nyanjani, mwenye hisa zilizoandikwa na mshahara wa cheo hicho. Sio mshauri, sio "balozi wa jamii". Kura. Kalenda ya mikopo na faini isipite bila yeye kuweka sahihi, kama kamati za miradi zinavyofanya. Serikali za Kitui na Makueni, zinapotia saini makubaliano na kampuni hizi na kupiga picha za kushikana mikono, ziulize swali hilo kabla ya kamera. Na nyinyi wawekezaji mnaopenda kuuliza idadi ya wateja, ulizeni pia ni lini mara ya mwisho afisa wa nyanjani alimkatalia Mkurugenzi jambo na likaachwa. Wakikosa mfano mmoja, rudisheni hundi mfukoni.

Mkutano wa kwanza wa timu hiyo mpya ufanywe Septemba, kabla ya mvua, Wote au Mutomo, na mihutasari iandikwe kwa lugha ambayo mweka hazina wa chama anaisoma bila kutafsiriwa. Magari ya kwenda Wote yanajaa haraka asubuhi, kwa hiyo wadosi waamke mapema. Wakiuliza kama kuna intaneti huko, ipo. Waje na viatu vya kutembea.